Ndege za usiku na usingizi wetu Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi si rubani wala daktari. Nilipanga chumba Kipawa, Dar es Salaam, miaka sita, ndege za kimataifa zikipita juu ya bati usiku, kisha nikarudi nyumbani Kigoma nikidhani nimepumzika. Sasa uwanja wetu unakarabatiwa, na hakuna kikao cha mtaa kinachoisha bila mtu kusimama na kuuliza kuhusu ndege za usiku. Nimeyaweka majibu hapa ili nisiwe nayarudia kila msibani. Wa Tabora nao wasome, maana shida yao ni hii hii.

Kwani Kigoma kuna ndege za usiku?

Tumezoea za mchana. Viwanja vingi vya mikoani vilikaa miaka bila taa za kuongozea ndege, na rubani asiye na taa chini yake lazima awahi jua halijazama. Ndiyo maana watoto wa mtaani wanaijua bombadia kwa sura: wanaiona kweupe.

Lakini Kigoma, Tabora, Shinyanga na Sumbawanga ziko kwenye mradi mmoja wa ukarabati unaopata mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Uwanja ukishakuwa na taa, kinachobaki kuamua ndege ije saa ngapi ni ratiba na biashara. Mambo haya ni bora tuyaulize wakati ndege bado zinahesabika kwa vidole.

Ndege moja tu, dakika moja imeshapita. Kelele za nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi anayeuliza anaishi mbali na uwanja.

Nikiwa Kipawa kulikuwa na ndege moja kubwa ya kama saa tisa usiku. Kabla sijaisikia mwenyewe, vioo vya louva vilianza kutetemeka kwenye fremu, halafu glasi mbili kabatini zikawa zinagongana, tii, tii, tii. Kisha ndiyo ngurumo. Ilichukua chini ya dakika moja. Lakini baada ya hapo nililala nikitazama chandarua mpaka adhana. Ukimuuliza mtu wa ratiba, atakwambia usiku ule ilipita ndege moja tu kwa dakika moja. Ukiniuliza mimi, usiku wangu uliishia saa tisa.

Sikio halilali. Mwili ukilala, masikio yanaendelea kupeleka habari kwenye ubongo, na mlio wa ghafla hupandisha mapigo ya moyo hata kama hukufumbua macho. Unaweza kushtuka hivyo mara nyingi usiku na asubuhi usikumbuke hata moja. Unachokijua ni kwamba umeamka umechoka na chai haisaidii.

Tena kuna mchezo wa wastani. Wataalamu hukusanya sauti yote ya usiku, wakaigawanya kwenye saa zote nane. Chukua ndege moja ambayo sauti yake yote, ukiibana iwe ya sekunde moja, inafika desibeli 85 (ni kipimo cha sauti, nakieleza hapo chini; hakigawanywi kama namba za kawaida). Igawanye kwenye sekunde 28,800 za usiku wa saa nane: wastani unatoka kama 40. Kwenye karatasi huo ni usiku mtulivu kabisa. Kwa hiyo ukisomewa wastani kikaoni, uliza swali la pili: ni ndege ngapi, na kila moja inafika juu kiasi gani?

Desibeli ni nini hasa?

Ni kipimo cha sauti, ila hakihesabiwi kama shilingi. Ukiongeza 10, sikio linasikia kama sauti imekuwa maradufu. Ukiongeza 3 tu, nguvu ya sauti imeshakuwa mara mbili, ingawa sikio halioni tofauti kubwa. Watu wawili wakiongea barazani wapo kama kwenye 60. Kwa hiyo mtu akikwambia "imeongezeka kidogo tu, desibeli 10," usimwitikie haraka.

Kiwango kinachofaa ni kipi?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kelele za usiku kwa nchi za Ulaya mwaka 2009: wastani wa nje ya nyumba usizidi desibeli 40 usiku. Mwongozo wa 2018 ulipozitaja ndege peke yake ulibaki kwenye 40 hiyo hiyo. Mwongozo wao wa zamani, wa 1999, uliingia hadi chumbani: wastani usipite 30, na mlio mmoja mmoja usipande juu ya 45. Mimi naupenda ule wa 1999 kwa sababu unamkumbuka mtu aliyelala, na unahesabu mlio mmoja mmoja.

Hapa nchini tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za viwango vya kelele na mitetemo za 2015. Wengi wetu tulizisikia kanuni hizo kwa sababu ya baa na muziki. Kelele za ndege nazo zina wasimamizi wake, nitawataja mbele.

Mbona usiku ndege inasikika kubwa kuliko mchana, na ni ile ile?

Kwanza kumenyamaza. Bodaboda zimepumzika, mashine ya kusaga imezimwa, hakuna cha kuifunika sauti.

Pili ni hewa yenyewe. Mchana ardhi ina joto, hewa ya chini ni ya moto kuliko ya juu, na sauti hupinda kuelekea angani. Usiku mtulivu ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa baridi na ya juu inabaki na uvuguvugu, basi sauti inapinda kurudi kwetu. Ndiyo sababu hiyo hiyo honi ya treni mwisho wa reli inasikika usiku mahali ambapo mchana huisikii kabisa.

Usiku unahesabiwa kuanzia saa ngapi?

Inategemea nchi, na hapo Kigoma tuna neno letu. Viwanja vingi vyenye vizuizi vya usiku huvifungua saa kumi na moja au saa kumi na mbili asubuhi. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam. Saa kumi na mbili asubuhi Dar jua linachomoza au liko njiani. Huku kwetu ni giza, jua linakuja kuelekea saa moja. Anayetaka kutuwekea utaratibu wa "usiku" kwa kutazama saa ya ukutani atatunyang'anya zaidi ya nusu saa ya usingizi bila kujua. Jambo hili liandikwe kwenye maoni yoyote yatakayopelekwa.

Ni kweli inaleta presha?

Kuna ushahidi wa kuaminika, na kuna kutiana hofu. Tuvitenganishe.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2008 uliwapima watu 4,861 wa umri wa miaka 45 hadi 70 waliokaa angalau miaka mitano karibu na viwanja sita vya Ulaya, ikiwemo Heathrow ya London na Schiphol ya Amsterdam. Kila kelele ya ndege ya usiku ilipoongezeka kwa desibeli 10, uwezekano wa kukuta mtu ana shinikizo la juu la damu uliongezeka kwa kama asilimia 14. Mwaka 2013 watafiti wa Mainz, Ujerumani, waliwachukua watu wazima 75 wenye afya zao, wakawapigia usiku sauti za ndege zilizorekodiwa. Asubuhi mishipa ya damu ilikuwa inatanuka kwa shida kuliko baada ya usiku wa kimya, na adrenalini ilikuwa imepanda.

Sasa upande wa pili. Heathrow na Kigoma si sawa. Ndege mbili za wiki hazitakupa presha, na kama unayo tayari, chumvi kwenye dagaa na kuacha dawa katikati vinakuumiza zaidi. Nenda kapime. Jirani yangu mmoja aliilaumu ndege mwezi mzima kwa kizunguzungu. Alipopimwa ilikuwa sukari.

Na watoto?

Mtoto haamki kirahisi kama mtu mzima, na hilo huwadanganya wazazi. Mwili wake unashtuka hata akiendelea kukoroma.

Ushahidi mkubwa kwa watoto unahusu mchana, darasani. Utafiti wa mwaka 2005 uliwafuatilia watoto zaidi ya 2,800 wa miaka 9 na 10 karibu na viwanja vya London, Amsterdam na Madrid, ukaona kwamba kadiri kelele za ndege zinavyozidi shuleni ndivyo uelewa wa kusoma unavyoshuka. Mfano wa Munich unanigusa zaidi. Mwaka 1992 uwanja wa zamani ulifungwa na mpya ukafunguliwa sehemu nyingine. Watoto wa jirani na uwanja wa zamani walianza kusoma na kukumbuka vizuri zaidi. Wale wa uwanja mpya wakaanza kurudi nyuma. Yaani ukiondoa kelele, mtoto anapona. Mwalimu wa shule iliyo kwenye mstari wa njia ya kurukia ana haki ya kusema kikaoni, hata kama nyumba yake iko Ujiji.

Nitakuwa kiziwi?

Hapana. Uziwi wa kelele ni wa anayekaa kwenye desibeli 85 na zaidi saa nane kila siku, kama fundi wa mashine asiyeziba masikio. Kwa jirani wa uwanja kinacholiwa ni usingizi.

Mimi nimeshazoea, hata sizisikii. Nimepona?

Akili imezoea. Moyo hauzoei kwa kiasi hicho hicho. Nilipokuwa Kipawa nilijisifu hivyo hivyo, mpaka nilipokuja likizo Kigoma na kulala saa kumi mfululizo, mama akaingia mara mbili kuangalia kama napumua.

Mume wangu ni mvuvi, analala mchana. Haya yote hayamhusu?

Yanamhusu kuliko mimi. Mvuvi wa dagaa huingia ziwani giza likiwa nene, anarudi mwaloni Kibirizi alfajiri, anauza, anakula, analala saa tatu asubuhi. Mbalamwezi ikiwa kubwa haendi, ndipo analala usiku kama sisi. Kwa hiyo bombadia ya mchana, ambayo wote tunasema haimsumbui mtu, kwake ni ya usiku wa manane. Muuguzi wa zamu ya usiku hospitali ya Maweni naye yuko hivyo, na mlinzi, na dereva wa lori. Miongozo yote niliyoitaja imeandikwa kwa mtu anayelala gizani. Sijaona kikao kinachowaita wavuvi kuulizwa, na wakiitwa huitwa saa nne asubuhi, wakati wamelala. Dada yangu, mwambie akupe maoni yake uyapeleke wewe.

Nyumba yangu ni ya bati. Nifanye nini?

Miongozo ya Ulaya inazungumzia vioo viwili viwili kwenye dirisha. Huku dirisha lina nondo na wavu, na juu ni bati jembamba lisilo na dari. Huko kwao wanakadiria kwamba dirisha lililoachwa wazi kidogo hupunguza desibeli 10 hadi 15, na likifungwa vizuri kama 25. Sauti yetu sisi inaingia kupitia juu, kwa hiyo usianze na dirisha.

Anza na dari. Jipsamu au silingi bodi, yoyote utakayoweza, na chumba cha kulala kwanza; sebule itasubiri. Kisha tazama ule upenyo kati ya ukuta na bati. Nyumba nyingi umeachwa wazi kwa ajili ya hewa, na sauti inapita hapo kama mlangoni. Ziba upande unaotazama uwanja, acha wa pili. Mlango wa mbao nzito ni bora kuliko wa bati. Kabati la nguo lisogeze kwenye ukuta wa upande huo, kitanda kikae upande wa pili. Pazia peke yake halifanyi kitu, msidanganywe madukani.

Halafu onyo ambalo nalisema kila mahali: ukishaziba chumba, usiingize jiko la mkaa, hata majivu yanayoonekana yamezimika. Moshi usioonekana umeua watu wengi kuliko ndege itakavyowahi kuwaamsha.

Kuna anayeuliza mbona mvua inapiga bati kwa kishindo kuliko ndege na watu wanalala fofofo. Mvua ikianza inaendelea. Ndege inatoka kwenye kimya, inapanda, inaondoka, na mwili unabaki umesimama kusubiri nyingine.

Napata kiwanja bei poa karibu na uwanja. Ninunue?

Dalali aliyeniuzia habari ya chumba cha Kipawa alinipeleka kukiona adhuhuri, saa ambayo hakuna kinachopita. Nilipomrudia wiki ya pili alicheka akasema, "Kaka, si uliona uwanja kwa macho yako?" Alikuwa na haki, bahati mbaya.

Fanya hivi. Simama uone njia ya kurukia imeelekea wapi, kisha ivute akilini kama kamba mbele na nyuma. Ndege inayotua kwa kawaida hushuka kwa pembe ya nyuzi 3, maana yake kila kilomita moja kabla ya kugusa lami iko juu kama mita 52. Ukiwa kilomita mbili chini ya kamba ile, itapita kichwani mwako kwenye kama mita 105. Ukiwa pembeni kwa umbali huo huo, ni habari nyingine kabisa. Watu wawili wanaweza kuwa "karibu na uwanja" na mmoja akalala.

Pili, nenda manispaa, uliza ofisi ya mipango miji kama eneo limetengwa kwa upanuzi. Muulize mwenyekiti wa mtaa pia, lakini usiishie kwake. Tathmini za nyumba za Kipunguni, jirani na uwanja wa ndege kule Dar es Salaam, zilifanyika 1997 ili watu wapishe upanuzi, na watu wakakaa zaidi ya miongo miwili wakidai malipo, hawajengi, hawahami. Bei poa huwa ina sababu.

Wenzetu wanafanyaje?

Frankfurt, tangu 2011, safari za kawaida zimepigwa marufuku kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Sydney ina sheria yake ya 1995, saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Heathrow haijafunga kabisa. Imewekewa kikomo cha safari 5,800 za usiku kwa mwaka mzima.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilikubaliana mwaka 2001 juu ya mambo manne ya kutazama pamoja: ndege zenyewe zipunguze sauti, ardhi ya jirani ipangwe, marubani wabadilishe namna ya kupaa na kutua, na vizuizi vya saa viwe vya mwisho baada ya hayo. Kwa Kigoma, la pili ndilo la bei rahisi. Kuacha shamba la mihogo libaki shamba la mihogo hakuna gharama ukilinganisha na kubomoa nyumba 200 baadaye.

Na kuna dogo ambalo hakuna anayelitaja: ndege inayolala uwanjani. Ikifika jioni na kulala, itawashwa alfajiri, na kabla ya injini kubwa hulia ile injini ndogo ya mkiani inayoipa umeme. Uwanja ukiwa na umeme wa kuichomeka ndege ikiwa imeegeshwa, mlio huo hauna sababu. Majaribio ya injini baada ya matengenezo nayo yapangiwe mchana. Haya ni maombi ambayo meneja wa uwanja anaweza kuyajadili bila kusubiri Dodoma.

Nilalamike wapi?

Anza na daftari. Tarehe, saa, ilikuwa inapaa au inatua, uliamka au hukuamka. Mwezi mmoja. Lalamiko la "kila siku zinatusumbua" linajibiwa kwa "tumepokea"; lalamiko lenye saa na tarehe linajibiwa kwa ratiba.

Barua ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, nakala kwa meneja wa kiwanja, ambaye yuko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Mambo ya njia za angani na usalama ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kelele kama uchafuzi wa mazingira ni ya NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Kwa mradi wenye mkopo wa benki ile ya Ulaya, benki yenyewe ina ofisi ya kupokea malalamiko ya wananchi, na barua yako haihitaji wakili.

Kikubwa zaidi, tathmini ya athari kwa mazingira ikifanyika, nendeni. Kelele za usiku zikisahaulika kwenye ripoti ile, baadaye mtaambiwa hamkusema.

Programu ya simu ya kupima sauti inakubalika?

Kama ushahidi rasmi, hapana. Kipimo halali kina cheti na husahihishwa kabla ya kupima. Kwa daftari lako inatosha. Weka simu mahali pale pale kila mara, nje ya mfuko, na usiishike.

Kwa hiyo wewe unapinga uwanja?

Mimi nimesafiri na treni Kigoma hadi Dar nikiwa na mgonjwa. Siupingi uwanja.

Ndege ya kubeba mgonjwa ikija usiku, nayo tuiandike?

Hata huko Frankfurt na Sydney, ndege za dharura hazizuiwi na marufuku ya usiku. Ikija, mimi huamka, nageukia upande wa pili, naomba dua fupi. Kwenye daftari siiandiki.